Kitambulisho langoni: kinazuia mwizi au kinatuliza roho?

«Ninakaa Mombasa, kwenye mtaa wa nyumba arobaini hivi wenye lango moja. Tangu mwaka jana tumevunjiwa mara nne. Kamati ya wakazi sasa inataka mambo matatu: kila mgeni aache kitambulisho langoni, tununue mashine ya alama za vidole kwa wafanyakazi wote wa nyumbani, na asiye na kitambulisho asiingie kabisa. Shemeji yangu anasema hata ugaidi utakwisha nchini kila mtu akishapata kadi mpya ya kidijitali. Mimi sina hakika. Mama anayenifulia nguo, ambaye namjua miaka tisa, hana kitambulisho. Wazazi wake walitoka Pemba, yeye kazaliwa Kwale. Je, hatua hizi zinatuongezea usalama au tunajidanganya? Na huyu mama nimwambie nini?»

Dada yangu, pole kwa yaliyowapata. Kuvunjiwa mara nne ndani ya mwaka ni kwingi, na naelewa kwa nini kamati imeshikwa na haraka. Mtu akishaingiliwa nyumbani kwake, chochote chenye sura ya ulinzi humrudishia usingizi. Nimefanya kazi ya usalama wa majengo miaka kumi na tisa, na kwa miaka minne kati ya hiyo niliuza mashine hizo hizo za vidole, kwa hiyo usinichukulie kama mzee anayeogopa mitambo. Nakuambia mapema: pendekezo la kwanza halitawapunguzia wizi, la pili litawagharimu kuliko linavyofaa, na la tatu litamuumiza mtu ambaye hajawaibia kitu.

Nikupe kisa kimoja. Meneja wa jengo la ofisi aliniita nimpimie lango lake bila askari kujua. Nikafika saa nne asubuhi, nikasogezewa kitabu cha wageni na kalamu iliyofungwa kamba. Jina nikaandika Abunuwasi bin Juha. Nambari ya kitambulisho, 12345678. Unamwendea nani? «Mwenyewe». Saa ya kuingia nikanakili ya mtu wa juu yangu, kama wafanyavyo wote. Askari, kijana mwenye adabu sana, akaniambia, «Karibu mzee.» Kesho yake, kwa ruhusa ya meneja, niliacha kitambulisho cha binamu yangu, mtu ambaye hatufanani hata masikio. Nikapewa beji. Nilipotoka jioni askari wa mchana ameshaondoka, na aliyeshika zamu akavuta droo, akanimwagia mezani vitambulisho kama thelathini: «Angalia chako, mzee.» Ningeweza kuondoka na vitatu.

Kitambulisho kinajibu swali moja tu: huyu ni nani? Na hata hilo hakilijibu mpaka anayekishika akilinganishe na uso, na awe na njia ya kujua kama kadi ni halali. Wewe shida yako ni swali jingine: huyu anakuja kufanya nini? Nia ya mtu haijaandikwa kwenye kadi yoyote. Kuacha kitambulisho langoni ni kuweka rehani. Kinachohakikishwa na rehani hiyo ni kwamba mgeni atarudisha beji, na kusema kweli, beji hurudi.

Hapa shemeji yako atasema sawa, huo ni uzembe wa askari, lakini mfumo wa taifa ukiwa madhubuti mambo yatakuwa mengine. Tumtazame kwa haki, maana hoja yake ndiyo hoja ya serikali nyingi, na si ya kipuuzi.

Wakenya tumepigwa vibaya. Jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, watu 67 waliuawa. Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, waliuawa 148. Hoteli ya DusitD2, Januari 2019, 21. Kila mara baada ya misiba hii husikika sauti ileile: tatizo ni wageni wasio na karatasi. Sasa tazama Garissa. Mmoja wa wale wauaji alikuwa Mkenya, mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Karatasi zake zilikuwa kamili kuliko zangu na zako. Baba yake alikuwa chifu huko Mandera, yaani ofisa yuleyule ambaye barua yake ndiyo huanza safari ya mtu kupata kitambulisho. Na huyo baba ndiye aliyekuwa amekwisha kuripoti kwa wakubwa kwamba mwanawe ametoweka na anahofia kavuka kwenda Somalia. Kadi haikusema kitu, mzazi alisema. Wa DusitD2 naye, aliyeongoza kikundi, alikuwa Mkenya, mtoto wa mwanajeshi, amepanga nyumba Kiambu kama mpangaji yeyote.

Hili halikuanzia kwetu. Wanne waliolipua treni na basi London Julai 2005 walikuwa na hati zao halisi mifukoni, na waziri wa mambo ya ndani wa wakati huo, Charles Clarke, aliyekuwa akipigania sheria ya vitambulisho, alikubali kwamba kadi hizo zisingezuia shambulio lile. Ufaransa, Januari 2015, mmoja wa ndugu wawili walioshambulia gazeti la Charlie Hebdo alisahau kitambulisho chake ndani ya gari walilotorokea. Madrid ilishambuliwa Machi 2004 ilhali Uhispania ina vitambulisho vya lazima tangu zamani. Mtu anayekwenda kuua huku akitarajia kufa haogopi kujulikana jina. Wengine hutaka lijulikane.

Basi huulizwa, je, tukiongeza mitambo juu ya kadi? Kamera zinazotambua nyuso, orodha za washukiwa, mashine za kupima tabia? Hapo kuna hesabu moja ambayo wauzaji hawapendi kuifanya mbele ya mteja. Nilikuwa mmoja wao, naijua. Chukua mji wa watu milioni moja, na humo tuseme wamo watu wabaya kumi. Mashine inakosea mara moja tu kwa kila mia. Ni mashine nzuri. Katika wale kumi huenda ikawanasa wote. Lakini kwa hao wengine 999,990, asilimia moja ni karibu watu elfu kumi ambao king'ora kitawalilia bila kosa. Kila mbaya mmoja anafichwa ndani ya rundo la wema elfu moja. Polisi gani watawahoji wote? Watahoji siku tatu, watachoka, halafu king'ora kikilia watakunywa chai. Kosa haliko kwenye mashine. Uhaba wa waovu ndio unaofanya hesabu iwe hivyo, na huo uhaba tunaushukuru.

Laini za simu nazo ziliingia kwenye mkumbo huohuo. Kenya ilianza kuzisajili kwa vitambulisho 2010, na sababu iliyotajwa ilikuwa utekaji nyara na utapeli. Leo wewe mwenyewe hupati wiki bila mtu kukupigia kwamba kakutumia pesa kimakosa. Ndugu zetu wa Tanzania walisajiliwa laini kwa alama za vidole, na bado ule ujumbe wa «ile hela tuma kwenye namba hii» unaendelea kuwafikia. Mexico ilianzisha daftari la namna hiyo 2009 ili kukomesha wanaotishia watu kwa simu, ikalifuta 2012 ilipoonekana halijasaidia. Tapeli hasajili laini kwa jina lake. Husajili kwa jina la mtu aliyeacha kitambulisho droo fulani, na ndiyo maana nilikueleza habari ya droo.

Lakini nisikuegemeze upande mmoja. Vitambulisho na usajili vinasaidia sana *baada* ya tukio. Baada ya DusitD2 wapelelezi walifuata gari na simu hadi nyumba ya washambuliaji, na miamala ya pesa za simu iliwafikisha kwa washukiwa wengine. Hospitali hutambua maiti, mirathi hugawanywa kwa mwenye haki, mshahara hewa hugundulika. Mwizi wa kubahatisha, yule anayepita akaona dirisha wazi, huenda akasita akijua jina lake limebaki mahali. Hizo ni faida za kweli. Ila kupeleleza si kuzuia, na bei ya vitu hivyo viwili haifanani.

Bei yenyewe ina historia ndefu kwetu, na wazee wako hawakuiita kadi hii kipande kwa mapenzi. Sheria ya kusajili Waafrika ilitungwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya vita. Kila mwanamume Mwafrika aliyepita miaka 16 alibeba karatasi yake ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni, ina alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara aliolipwa. Kazi yake ilikuwa kumzuia mtu kutoroka shamba la mzungu, na humo hamkuwa na usalama wa yeyote. Mwanaharakati Harry Thuku alikamatwa 1922 akipinga mambo kama hayo, na watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe wakapigwa risasi. Wanawake hawakuanza kupewa vitambulisho mpaka 1978. Novemba 1989 Wakenya Wasomali walipangwa foleni wakachujwa, waliopita wakapewa kadi ya waridi ya kuonyesha kwamba uraia wao umekaguliwa. Aprili 2014 ukaja msako wa polisi ulioitwa Usalama Watch: maelfu walizolewa Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, na hapa Mombasa, wengine wakafungiwa uwanja wa Kasarani. Eastleigh walikuwa na mzaha mchungu kwamba wao ndio ATM za polisi, maana mwenye kitambulisho alitoa mia tano na asiye nacho alitoa zaidi. Miezi miwili baadaye, Juni, mji wa Mpeketoni huko Lamu ukashambuliwa na zaidi ya watu 60 wakauawa.

Na kadi ikiwa mikononi mwa mtu mbaya? Mwanzoni mwa 2008, barabara za Bonde la Ufa, vijana walisimamisha magari wakidai vitambulisho ili wasome majina na kujua nani ni wa kabila gani. Rwanda 1994 kabila lilikuwa limeandikwa kabisa kwenye kadi, urithi wa Wabelgiji wa miaka ya 1930, na kwenye vizuizi vya barabarani kadi hiyo ndiyo iliyoamua nani apite na nani afe. Simaanishi kwamba kamati yenu itafika huko, hasha. Nasema karatasi inayoonyesha mtu ni nani humtumikia yeyote aliyeishika.

Kuhusu kadi mpya ya shemeji: Huduma Namba ya 2019, mpango wa serikali wa kumpa kila mtu nambari moja ya utambulisho, ilikusanya taarifa za mamilioni ya watu, Mahakama Kuu ikakataza sehemu ya DNA na ya mahali mtu anapokaa kwa vipimo vya setilaiti, na Oktoba 2021 ikaamua kwamba kadi zilitolewa kinyume cha sheria ya kulinda data kwa kuwa hatari zake hazikupimwa kwanza. Maisha Namba, mfumo wa hiyo kadi mpya, imefuata. Huenda ikakurahisishia foleni za ofisi za serikali. Ugaidi ni habari nyingine.

Turudi langoni kwenu, maana ndiko kwenye hela zenu.

Swali la kwanza ninalouliza kila mtaa ulioibiwa, na ambalo sijaliona kwenye barua yako: wezi walipitia wapi? Katika mitaa niliyokagua, mara nyingi mwizi hakupita langoni kabisa. Alipita ukutani, kule nyuma kwenye taa iliyoungua tangu Ramadhani, ambapo mwembe wa jirani umelalia ukuta kama ngazi. Au alipita langoni kweli, ndani ya gari la mtu anayejulikana. Au alifunguliwa mlango na fundi aliyefanya kazi wiki iliyopita na kubaki na ufunguo wa akiba. Kaeni na watu wa nyumba zile nne, jioni moja, na karatasi. Saa ngapi? Mchana au usiku? Mlango ulivunjwa au ulifunguliwa? Nani alijua kwamba wenyewe hawapo? Kamati ikikosa majibu hayo, inanunua dawa kabla ya kupima ugonjwa.

Pili, mbadilishe kitabu. Siri yake ni ndogo: askari aandike *anachokiona* yeye, asiandike *anachoambiwa*. Nambari ya gari au ya bodaboda anaisoma mwenyewe, haitungwi na mgeni. Halafu ampigie mwenyeji: «Kuna mtu hapa anasema ni fundi wa friji, unamtarajia?» Swali hilo moja lina nguvu kuliko vitambulisho vyote vya kwenye droo, kwa sababu linagusa shughuli aliyojia mtu, ambayo ndiyo tunayotaka kuijua. Mwenyeji asipopokea, mgeni asubiri kivulini. Wakubwa watanuna, hasa wale wanaopiga honi kabla hawajafika. Wavumilieni.

Tatu, muulizeni askari analala lini. Mlinzi anayefanya zamu ya saa kumi na mbili, siku sita, kisha anatembea kwa miguu hadi Mshomoroni, hawezi kuona kitu saa tisa usiku. Pesa ya mashine ya vidole ingeweza kumlipa mtu wa pili wa usiku kwa miezi kadhaa na kubaki ya taa za nyuma. Na askari awe na nambari ya kituo cha polisi kilicho karibu, awe amewahi kuipiga angalau mara moja mchana, ajue nani hupokea. Garissa 2015 onyo la hatari lilikuwapo kabla. Kikosi maalumu kilichokuwa Nairobi kilichukua saa nyingi kufika. Tofauti ya maisha na mauti ilikuwa katika anayepokea simu na muda anaochukua kufika. Kwa kiwango chenu kidogo ni hivyohivyo.

Mashine ya vidole nayo ina mambo mawili. Vidole vya mfuaji nguo, mwashi, mvuvi, vimelika. Mashine huvikataa asubuhi baada ya asubuhi, na dada wa watu anasimama langoni kama mshitakiwa hadi tajiri wake ashuke. La pili ni zito zaidi. Nywila ikiibiwa unaibadilisha. Kidole ukiibiwa alama yake utabadilisha nini? Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaziweka alama za vidole katika kundi la taarifa nyeti, na kamati ikizikusanya inabeba wajibu wa kuzihifadhi, kueleza sababu ya kuzichukua na kuzifuta mtu akiacha kazi. Nani kwenu atafanya hayo? Mweka hazina? Mkisisitiza kununua, msitie sahihi bila kumwona wakili au kuuliza ofisi ya Kamishna wa Data. Mtaani kwenu watu mia wanajuana kwa sura. Kompyuta iliyo bora kwa kazi hiyo anayo askari kichwani, ikiwa amepata usingizi wa kutosha.

Kama wewe au mgeni wako mmewahi kuacha kitambulisho mahali na mnashuku kimetumiwa, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa jina lako. Ukikuta usiyoijua, nenda mwenyewe dukani kwa kampuni ya simu, kisha kituo cha polisi upate abstrakti, yaani hati ya kuonyesha kwamba umeripoti. Usiishie kulalamika kwenye kikundi cha WhatsApp. Na kabla kamati haijatumia hata shilingi, mwombeni mkuu wa kituo cha polisi cha jirani, au mkaguzi asiyeuza vifaa, atembee nanyi kuzunguka ukuta mzima saa moja na nusu usiku. Giza likiwa limeingia, si mchana kweupe. Ule mwendo wa dakika arobaini utawafunza kuliko barua hii.

Sasa mama yako wa kufua.

Kukosa kwake kitambulisho hakusemi lolote kuhusu uaminifu wake. Kunasema kuhusu serikali na babu zake. Wapemba wamevua samaki pwani hii vizazi na vizazi bila kuhesabiwa: walikuwa hawapati leseni ya chombo, hawawezi kusajili laini, hawana cha kuonyesha mtoto akiingia shule ya upili. Wamakonde waliokuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa walikaa hivyohivyo mpaka walipotembea kutoka Kwale kwenda Nairobi Oktoba 2016 kudai uraia, wakaupata. Wapemba wakatambuliwa 2023. Kwa hiyo huenda mama huyu ana haki ambayo hajaifuata, ama kwa kutojua, ama kwa kuogopa, kwa kuwa kwa miaka mingi mtu asiye na karatasi akienda ofisini kuzitafuta alikuwa anajipeleka kukamatwa.

Nenda naye. Usimtume peke yake, wala usimwachie nauli tu. Anzeni kwa chifu wa mahali alipozaliwa, na wazee wawili wanaowajua wazazi wake, maana karatasi ya kliniki au ya ubatizo au ya madrasa mara nyingi haipo na ushahidi wa watu ndio husimama. Kisha ofisi ya usajili wa watu. Mkiombwa «kitu kidogo», ombeni risiti. Mara nyingi ombi hilo hufa hapohapo. Mkizungushwa mara ya pili bila sababu iliyoandikwa, tafuteni wasaidizi wa kisheria wa kijamii wanaoshughulikia uraia hapo Kwale na Kilifi. Kazi hiyo wameizoea na hawatozi.

Na kwenye mkutano wa kamati, umdhamini wewe mwenyewe. Jina lako, nambari ya nyumba yako, na picha yake ndogo kwenye daftari la askari: «Huyu ni wa nyumba namba fulani, huja Jumanne na Ijumaa, namjua miaka tisa.» Akionekana Jumapili usiku, askari atakupigia.